Yakumo: treni iliyosumbua matumbo ya watu miaka 42, sasa unakula bento (chakula cha kiboksi) ndani bila wasiwasi

Wadau wa treni habari zenu. Leo naiongelea Yakumo, tokkyu ya JR West, kampuni ya reli ya Japani magharibi, inayotoka Okayama kwenda Izumoshi, maana kila mtu wa kwetu akifika Japani naona anapanda shinkansen tu, zile treni za kasi, Tokyo, Kyoto, Osaka, Hiroshima, anapiga picha pua ya treni anarudi nyumbani anatuambia kazimaliza treni za Japani. Hujazimaliza ndugu yangu. Shinkansen ni nzuri sikatai, ila nusu ya safari uko ndani ya handaki na nusu nyingine unatazama ukuta wa kuzuia kelele. Ukitaka kujua hii nchi ina milima kiasi gani na watu waliteseka vipi kupitisha reli humo ndani, panda Yakumo, tena panda sasa hivi kwa sababu treni yenyewe ni mpya, imeanza kazi Aprili 2024.

Kwanza tuelewane tokkyu ni nini. Kuna treni za kawaida zinasimama kila stesheni, kuna za haraka ambazo huongezi hela, alafu kuna tokkyu ambayo inaruka stesheni ndogo, siti zake unazilaza, na juu ya nauli ya kawaida unalipa nyongeza. Siyo shinkansen hiyo. Shinkansen ina reli zake za upana wa milimita 1,435, wakati tokkyu nyingi zinapita reli za zamani za milimita 1,067, nyembamba kweli, zimeizidi kidogo tu ile reli yetu ya zamani ya mita moja. Mtu aliyezoea SGR ya Dar kwenda Dodoma inayogonga 160 atashangaa kusikia Yakumo mwisho wake ni 120, na hapo imejitahidi sana. Hiyo namba ya 1,067 ikae kichwani maana stori yote ya hii treni inaanzia hapo.

Sasa angalia ramani. Upande wa magharibi wa kisiwa cha Honshu una pande mbili. Kusini ni Sanyo, tambarare, miji mikubwa, viwanda, shinkansen. Kaskazini ni San'in, unatazama Bahari ya Japani, ndo kuna mikoa ya Tottori na Shimane, ambayo ndo miwili yenye watu wachache kuliko yote Japani. Katikati yao milima ya Chugoku. Reli inayovuka hapo inaitwa Hakubi, ilikamilika 1928, na waliojenga hawakuwa na hela wala mashine za kutoboa mlima kila mahali, kwahiyo walifanya kitu cha akili, wakapanda na bonde la mto Takahashi upande wa kusini, wakatoboa kule juu mpakani, wakashuka na bonde la mto Hino upande wa kaskazini. Mto ukikata kushoto reli inakata kushoto, mto ukirudi kulia reli inarudi kulia. Ni kona baada ya kona baada ya kona, na sehemu kubwa ni njia moja kwahiyo treni zinasubiriana kwenye stesheni ndogo ndogo ili zipishane.

Miaka mingi hii njia haikuwa na umaarufu wowote, mtu wa Osaka akitaka kwenda Matsue, mji wa kule San'in, alikuwa anapita kaskazini kwa kaskazini kutokea Kyoto au kupitia Fukuchiyama. Mambo yalibadilika tarehe 15 Machi 1972 shinkansen ilipofika Okayama. Siku hiyo hiyo Yakumo ikazaliwa. Wazo lilikuwa rahisi, abiria aje na shinkansen mpaka Okayama, ashuke, avuke jukwaa apande Yakumo, na ghafla Izumo ikawa karibu kwa masaa kadhaa. Treni za mwanzo zilikuwa za dizeli, aina ya KiHa 181, injini ya farasi 500 kwa behewa, kwa wakati ule dude kubwa, ila mashine ikipanda mlima kwa nguvu zote inapata joto na kwenye kona bado ilibidi dereva apunguze mwendo. Nguvu ilikuwepo, kona ndo zilikuwa zinaila.

Na hapa ndo tunafika kwenye utamu wenyewe.

Treni ikiingia kona kwa kasi, abiria anasukumwa nje. Treni yenyewe haianguki kirahisi, inaweza kwenda kasi zaidi ya hapo bila shida, tatizo ni binadamu aliyekaa ndani, kikombe chake kinateleza na yeye anaegemea dirisha. Kwahiyo wahandisi wa JNR, lile shirika la reli la serikali la zamani, wakasema basi tulaze behewa. Fikiria bodaboda anavyokata kona, hakai wima, analala upande wa ndani, na abiria wa nyuma akilala naye haoni shida kabisa. Wakatengeneza treni ya majaribio 1970, ile 591, alafu 1973 wakaleta ya biashara, aina ya 381, ikaanza na Shinano kati ya Nagoya na Nagano. Ndo treni ya kwanza ya kulala kwenye kona kubeba abiria wa kulipa Japani. Bodi ya behewa ilikaa juu ya rola, na wakaifanya ya aluminiamu, mashine nzito zote zikashushwa chini ya sakafu hata eyakondishina, ili uzito ukae chini. Kona ikija, nguvu ile ile inayokusukuma nje ndo inasukuma tumbo la behewa nje, kwahiyo kichwa cha behewa kinalala ndani, mpaka digrii 5. Hakuna mota ya kulaza, hakuna kompyuta, ni uzito na rola tu. Ujanja mtupu. Na treni ikaweza kukata kona kwa kama kilomita 20 kwa saa zaidi ya treni ya kawaida.

Tarehe 1 Julai 1982 umeme ulifika Hakubi yote na kuendelea mpaka ng'ambo ya Izumoshi, na 381 zikachukua Yakumo. Safari ikapungua muda, magazeti yakasifu, kila mtu akafurahi. Isipokuwa matumbo.

Shida iko wapi? Rola zina msuguano. Treni inaingia kona, behewa linatakiwa lilale lakini rola zinakataa kidogo, zinakataa, alafu nguvu inazidi ndo linalala kwa mkupuo. Kona inaisha, behewa linatakiwa lisimame wima lakini limechelewa tena, linarudi kwa mkupuo, pengine wakati huo kona ya upande wa pili imeshaanza. Yule bodaboda wetu sasa analala sekunde moja baada ya kona kuanza na anaamka sekunde moja baada ya kona kuisha, wewe uliyekaa nyuma utajua hujui. Na Hakubi haina kona mbili tatu, ina kona za kukutosha karibu masaa mawili mfululizo. Mwendo wa namna hiyo, wa polepole wa kuyumba huku na huku, ndo hasa ule unaoleta kichefuchefu, ni kama ugonjwa wa bahari ila uko milimani. Kwenye sinki za kunawia mikono kukawa na mifuko ya kutapikia, imepangwa vizuri kijapani, na mashabiki wa treni wakaipa Yakumo jina la utani ambalo ndani yake kuna kutapika, sitalitafsiri hapa watu wanakula.

Sio kwamba kila mtu alitapika jamani tusikuze mambo. Kuna watu walipanda 381 miaka yote wakasoma magazeti yao vizuri, na wenyeji walishazoea, unaambiwa usisome, tazama mbali nje, kaa katikati ya behewa, usile kitu kizito kabla. Lakini treni inayohitaji maelekezo ya kuipanda ni treni yenye tatizo, na tatizo hilo lilijulikana tangu mwanzo.

Swali ambalo kila mtu anauliza, kama ilijulikana mbona ilikaa miaka 42? Jibu ni hela na ni jiografia. JNR yenyewe ilikuwa hoi, ilipovunjwa tarehe 1 Aprili 1987 na kugawanywa kuwa makampuni ya JR ilikuwa imeacha madeni ya yen trilioni 37 na ushee. JR West wakarithi Yakumo pamoja na njia yenye abiria wa wastani kwenye mikoa inayozidi kupungua watu, na wakiwa na hela wanazipeleka kwanza kule Osaka na kwenye shinkansen, hata mimi ningekuwa bosi ningefanya hivyo. Huku nyuma wenzao walishapata dawa. JR Shikoku, ya kisiwa cha Shikoku, 1989 walileta treni ya dizeli aina ya 2000, yenyewe inalala kwa rola vile vile ila kuna silinda za hewa na kompyuta, kompyuta inajua kona inayokuja, inaanza kulaza behewa taratibu kabla kona haijakolea. Huko nako milima na kona kibao. Kampuni nyingine zikaiga. Shinano ikapata treni mpya miaka ya 1990. Yakumo ikabaki na rola zake za 1982.

Kilichofanyika Yakumo ni kupaka rangi na kubadilisha viti, samahani kusema hivyo ila ndo ukweli. Desemba 1994 ikaja Super Yakumo, inasimama stesheni chache na mbele kuna behewa la daraja la juu lenye kioo kikubwa cha kutazama reli, watu walilipenda sana lile behewa. Kuanzia 2007 wakakarabati tena ndani, nafasi ya miguu ikaongezwa, wakaiita kwa jina la kuashiria utulivu, mashabiki wakacheka ndo lile jina la utani likashika kasi. Chini ya sakafu rola ni zile zile.

Kuna kitu kingine lazima nikitaje, Julai 2018 mvua kubwa sana zilipiga Japani magharibi, mto Takahashi ukafurika, Hakubi ikafungwa na Yakumo haikupita mpaka Agosti. Ndo uone kufuata mto kuna gharama yake, reli iliyojengwa kwa bei nafuu 1928 inaendelea kulipiwa hadi leo. Na hizo wiki watu wa Yonago na Matsue waliisoma namba, ile treni waliyokuwa wanaisema kila siku ndo ilikuwa njia yao ya kwenda kila mahali.

Alafu kitu cha ajabu kikatokea. JR West walipotangaza treni mpya inakuja, 381 ikageuka kuwa kipenzi. Mwaka 2022 wakapaka seti moja rangi ya zamani ya JNR, maziwa na mstari mwekundu, mwaka uliofuata wakarudisha rangi ya Super Yakumo, na baadae ile ya kijani, na wapiga picha wakajaa kwenye kingo za mto na ngazi zao na tripodi zao kuanzia alfajiri. Maana 381 ilikuwa tokkyu ya mwisho ya umeme ya enzi za JNR iliyobaki kwenye ratiba ya kila siku nchi nzima. Zilitengenezwa behewa 277, na ya mwisho kwenye ratiba iliondoka Juni 2024. Watu walilia. Watu wale wale. Binadamu bwana.

Haya, treni mpya sasa, aina ya 273. Imeanza tarehe 6 Aprili 2024, behewa 44 zimepangwa nne nne kwahiyo seti 11, na mradi mzima uligharimu kama yen bilioni 16. Zimetengenezwa na Kinki Sharyo. Nje rangi ni shaba iliyoiva, wanasema inatokana na vigae vya paa vya huko, machweo ya ziwani na moto wa kufulia chuma maana Shimane ilikuwa nchi ya wafua chuma tangu zamani. Kwenye picha nilidhani itakuwa kama kahawia ya samani za ofisi ila ikiwa imesimama Okayama na jua la asubuhi linaipiga, aisee imetulia. Japani imejaa treni nyeupe na za kijivu, hii unaitambua toka mbali.

Ila rangi siyo habari. Habari ni jinsi inavyolala. Bado rola, bado inalala na nguvu ya kona, lakini ina akili. Zile treni za wenzao za miaka ya 1990 zilikuwa zinajua ziko wapi kwa kusoma vifaa vilivyofungwa relini na kuhesabu mizunguko ya magurudumu, sasa gurudumu likiteleza kwenye mvua au majani hesabu inakosea mita kadhaa, na mita kadhaa zinatosha behewa kulala mapema au kuchelewa. 273 imebeba ramani ya kona zote ndani yake, na ina jairo inayohisi treni inavyogeuka, inalinganisha ilichohisi na ramani muda wote, kwahiyo inajua ipo mita gani na inaanza kulala pale pale panapotakiwa. Hii ni ya kwanza Japani. Wamesema kipimo chao cha uwezekano wa kusikia kichefuchefu kimepungua kwa hadi asilimia 23 ukilinganisha na 381. Asilimia 23 unaweza kuona ndogo, hata mi niliona ndogo nikiisoma, lakini mwili hausikii asilimia, mwili unasikia kwamba ule mkupuo haupo.

Na kweli haupo. Baada ya Kurashiki treni inaachana na njia ya Sanyo inaingia bondeni, na kuanzia Bitchu-Takahashi kwenda juu ndo kona zinashikana kabisa, unatazama nje unaona upeo wa milima unapanda dirishani na kushuka, upande ule mto unaonekana uko chini sana na upande huu unaona anga tu, yani macho yanakwambia umelala lakini kiuno hakijui. Nilikuwa na chai ya chupa kwenye kimeza sikuishika. Bado kuna kuyumba, tusidanganyane, hii ni reli nyembamba ya mlimani na ukitembea kwenda chooni unashika viti, na mtu anayeumwa gari kirahisi sana bado ningemwambia anywe dawa yake nusu saa kabla. Lakini mtoto wa siti ya mbele alikuwa anachora, anachora jamani, ndani ya Yakumo.

Siti za kawaida ni mbili mbili, kitambaa cha kijani chenye nakshi ya majani ya katani, ile nakshi ambayo Wajapani huivalisha nguo za watoto wachanga kuwakinga na mabaya. Kila siti ina plagi na intaneti ya bure ipo, ila kwenye mahandaki usiitegemee. Daraja la Green, yani daraja la juu, ni mbili kwa moja, kitambaa cha njano chenye nakshi ya gamba la kobe. Je ulipie Green? Kwa mtu mmoja anayesafiri peke yake siti ya pembeni moja ni raha, hamna wa kumpisha. Ila kwangu mimi mshindi ni ile sehemu iliyo behewa la kwanza, viti vya kutazamana vya watu wawili au wanne na meza kubwa katikati, na bei yake ni ile ile ya siti ya kawaida ya kubuku! Mkiwa wanne familia au marafiki mnapanga vyakula mezani safari nzima. Zinaisha haraka balaa, wenyeji wameshazijua.

Kuhusu upande wa kukaa, ukitoka Okayama chukua dirisha la kulia. Sababu ni mbili. Ukikaribia Yonago mlima Daisen unatokea kulia, mita 1,729, mrefu kuliko yote Chugoku, na kama hakuna mawingu unasimama peke yake ukiwa na theluji mpaka mwezi wa tatu hivi. Alafu ukishatoka Matsue treni inatembea ukingoni mwa ziwa Shinji, lipo hapo hapo kulia, maji nusu chumvi, mashua za wavuna kome wadogo wanaoitwa shijimi, supu yao utaikuta kila hoteli ya huko. Safari ya mchana wa saa kumi, kumi na moja ndo inakutana na machweo ya ziwa na watu wote behewani wanahamia upande mmoja na simu zao.

Chakula. Ndani hakuna mkokoteni wa kuuza kitu, kwahiyo nunua stesheni. Okayama kuna bento ya matsuri-zushi kwenye kiboksi cha pinki chenye umbo la pichi, wali wa siki, samaki vipande vipande, mayai yaliyokatwa nyuzi nyuzi juu, nyepesi na rangi nzuri. Ukirudi upande wa Yonago tafuta sushi ya makereli inaitwa Gozaemon, samaki mnene kweli, imefungwa na mwani. Zamani mtu angekwambia usithubutu kula samaki wa siki ukiwa Yakumo. Nimekula pale pale kwenye kona za Niimi, na hii ndo review yenyewe kama ulikuwa unaisubiri.

Kasoro zipo. Kwanza muda haujapungua kihivyo, Okayama mpaka Izumoshi kilomita 220 bado ni masaa matatu hivi, kwa sababu njia ni moja na lazima mpishane, treni hata iwe na akili vipi haiwezi kupita juu ya mwenzake. Wapo wanaolalamika kwamba bilioni zote hizo alafu dakika zile zile. Mi nawatetea JR West hapa, miaka 42 hii njia ilipewa kasi ikalipwa na matumbo ya abiria, safari hii hela imeenda kwa abiria. Pili behewa nne ni chache, na tangu Machi 2024 siti zote ni za kubuku, hakuna tena behewa la kuingia tu na kukaa, kwahiyo sikukuu za mwanzoni mwa Mei au mwaka mpya usipobuku mapema unabaki unapunga mkono. Wakati mwingine wanaunga seti mbili zikawa nane ila usitegemee. Tatu, mkoba mkubwa, kuna sehemu ya mizigo behewani lakini ndogo, ukija na masanduku mawili ya kilo 23 kama unatoka Kariakoo utachekwa.

Bei, nauli na nyongeza ya tokkyu kwa siti ya kawaida Okayama hadi Izumoshi inacheza kwenye yen elfu sita na mia kadhaa mpaka elfu saba. Siyo rahisi. Ila mgeni mwenye ile pasi ya JR ya nchi nzima, au pasi ya JR West ya eneo la Sanyo na San'in, anapanda bila kuongeza kitu, anachukua tu siti yake. Zinatoka karibu kila saa, safari 15 kwenda na 15 kurudi kwa siku, kwahiyo unaweza kushuka njiani ukaendelea na inayofuata, ukipanga siti zako vizuri. Mi ningeshuka Bitchu-Takahashi kama una miguu ya kupanda, kuna ngome ya zamani juu ya mlima mita 430, ghorofa lake la asili bado limesimama, na kuna paka pale wamempa cheo cha bwana wa ngome, siyo utani. Au Yasugi, pale kuna jumba la sanaa la Adachi lenye bustani ambayo jarida moja la Marekani la bustani za kijapani limeipa namba moja kila mwaka tangu 2003, na basi la bure linakuchukua stesheni. Siyo Yakumo zote zinasimama Yasugi, cheki ratiba. Matsue yenyewe ina ngome ya 1611 na nyumba alikokaa Lafcadio Hearn, yule mwandishi aliyefika 1890, akaoa huko, akachukua uraia na jina la Koizumi Yakumo.

Na kama unatokea Tokyo na unapenda treni usirudie njia. Nenda kwa Sunrise Izumo, ile treni ya usiku yenye vyumba vya kulala, ndo ya mwisho iliyobaki Japani inayotoka kila siku, inaondoka Tokyo usiku, asubuhi inakatwa vipande viwili Okayama, kimoja kinavuka daraja kwenda Shikoku na kingine kinapanda Hakubi hii hii. Yenyewe hailali kwenye kona kwahiyo inapanda pole pole, na pasi haitoshi, chumba unakilipia, tena tiketi zake zinafunguliwa mwezi mmoja kabla saa nne kamili asubuhi na vyumba vinaondoka ndani ya dakika. Kurudi sasa ndo unapanda Yakumo ya shaba mpaka Okayama na shinkansen kuendelea, na hapo dirisha lako linakuwa la kushoto.